Nibobee Katika Nini? Swali la Waandishi wa Programu wa Nairobi

Kijana anayejifunza kuandika programu za kompyuta jijini Nairobi hakosi ushauri. Anao wa kumwaga, na kila mshauri anampinga mwenzake. Yuko anayemhimiza achague tawi moja mapema na alishikilie mpaka jina lake lijulikane kwa hilo. Yuko anayemwambia ajue kila kitu, kuanzia ukurasa anaouona mteja hadi seva iliyo nyuma yake, kwa kuwa waajiri wengi wa hapa hawana pesa za kumweka mtu wa kazi moja. Yuko anayemtaka aache kubabaikia lugha za kompyuta, asome biashara za watu. Na tangu ChatGPT ilipozinduliwa mwishoni mwa Novemba 2022 amejitokeza wa nne, anayedai kuwa mashine zitaandika programu zenyewe, na kwamba anayeuliza abobee katika nini amechelewa.

Mkanganyiko huu una gharama. Mtu hutumia miezi sita kwenye tawi moja, anasikia limejaa watu, anahamia la pili. Mwaka ukigeuka anavutwa na la tatu. Mwishowe anajua sura ya kwanza ya vitabu vitano. Uchambuzi huu unazitenganisha hoja hizo, unaonyesha kila moja imetoka wapi na inamfaa nani, kisha unazipima. Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kuupinga aanze hapo: washauri hawa wanagombana kwa sababu kila mmoja ana soko lake akilini, na hakuna anayelitaja.

Barabara moja, wanunuzi watatu

Kangemi ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Mtaa huu uko kando ya Waiyaki Way, mbele kidogo ya pale barabara ya juu ya kulipia inapoishia karibu na James Gichuru. Ukipanda matatu kuelekea mjini, baada ya kilomita chache unapita Safaricom House, makao makuu ya kampuni inayoendesha M-Pesa, na jengo la Dunhill Towers ambako Microsoft iliweka kituo chake cha kuunda programu, mradi ulioanza 2019. Ukiendelea unafika Chiromo, bewa ambalo Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishia somo la kompyuta. Upande wa pili, ukielekea Kikuyu, ipo Kabete National Polytechnic. Craft Silicon ya Kamal Budhabhatti, iliyojipatia jina kwa programu za benki kabla ya kuleta teksi za Little mwaka 2016, nayo iko pande hizi hizi.

Hao ndio wanunuzi wa kwanza: mashirika makubwa yenye vikosi vya wahandisi, yanayoigawa kazi vipande vipande. Huyu anashinda kwenye hifadhidata, yule kwenye usalama, mwingine kazi yake ni kujaribu tu kilichoundwa na wenzake.

Mnunuzi wa pili anaishi Kangemi kwenyewe. Ni mwenye ploti ya vyumba vya kupanga anayetaka kujua nani amelipa kodi kwa Paybill ya M-Pesa na nani anajificha. Ni shule ya kibinafsi inayotaka karo iende moja kwa moja kwenye jina la mtoto husika. Ni duka la dawa, sacco ya matatu, chama cha akina mama chenye daftari lililochakaa, na saiba inayofurika watu wa kujaziwa fomu za kodi za KRA Juni inapokaribia kuisha. Mnunuzi huyu hana haja na bingwa wa hifadhidata. Anamtaka mtu mmoja alete kitu kinachofanya kazi, na akipigiwa simu aje.

Wa tatu yuko mbali. Yuko London, Berlin au San Francisco, anaajiri kwa mtandao, analipa kwa dola, na tangazo lake la kazi hutaja kifaa kwa jina pamoja na miaka ya kukitumia.

Kijana yule yule, kwenye chumba kile kile, anaweza kuwauzia wote watatu. Hawezi kujiandaa kwa njia moja kwa wote.

Chanzo cha mkanganyiko

Ukiuliza kwa nini wanaoanza wengi hukimbilia kutengeneza kurasa za wavuti, utaambiwa ni rahisi. Ipo sababu ya chini zaidi, nayo imelala mezani: laptopu. Wengi huanza na ya mtumba, zile za ex-UK zinazouzwa katika maduka ya katikati ya jiji, na ile ambayo mfuko unaimudu mara nyingi huwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Android Studio, kifaa rasmi cha kutengenezea programu za simu za Android, hutaka angalau gigabaiti 8, na ukiwasha simu ya bandia ndani ya kompyuta ili ujaribu kazi yako, hata hizo 8 zinalemewa. Za iPhone ndizo usiseme. Huzikamilishi bila kompyuta ya Mac. Ukurasa wa wavuti, kwa upande wake, unaandikika kwenye mashine yoyote iliyo na kivinjari. Kwa hiyo kijana anayejitambulisha kuwa mtu wa wavuti pengine hakuchagua; mashine yake ilimchagulia. Kinaya ni kwamba Wakenya wengi huingia mtandaoni kwa simu za Android, yaani upande wenye watumiaji wengi ndio wenye kizingiti kirefu zaidi cha kuingilia.

Shule nazo zina mchango. Moringa School ilipoanza mwaka 2014, na nyingine zikaufuata mtindo wake, zilileta kitu kilichokosekana vyuoni: kozi ya miezi michache inayomtoa mtu akiwa na kazi ya kuonyesha. Hilo ni jema na lisidharauliwe. Lakini kozi fupi lazima iwe na jina linalouzika na matokeo yanayoonekana upesi, na kinachoonekana upesi kuliko vyote ni ukurasa wenye vitufe. Kila darasa linapohitimu, idadi ya wanaojua mambo yale yale inaongezeka, na maombi yao ya kazi yanatua kwenye meza zile zile.

Halafu kuna mitindo. Mwaka 2018 serikali iliunda jopokazi la kuchunguza blockchain na akili unde, chini ya Bitange Ndemo, aliyewahi kuwa katibu katika wizara ya habari na mawasiliano. Vijana waliotafuta mwelekeo wakaona ishara hiyo, wakakimbilia huko. Soko la sarafu za kidijitali la FTX lilipoporomoka Novemba 2022, moto ukapoa duniani kote. Kabla na baada ya hapo sayansi ya data ilipata zamu yake, na sasa ni zamu ya akili unde. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilicho cha uongo kama fani. Kosa ni kudhani kelele za dunia ndizo mahitaji ya mwajiri atakayekulipa wewe.

Pesa za wawekezaji zilipopungua, foleni ikazidi kurefuka. Kati ya kampuni changa, Sendy ilifunga 2023; Copia iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024; Gro Intelligence ikafunga mwaka huo huo. Waliotoka kwenye kampuni kama hizo ni wazoefu, nao wakasimama mstari mmoja na chipukizi.

Hoja ya kwanza: shika tawi moja

Mwaka 1776 Adam Smith alieleza kwamba kiasi ambacho watu wanaweza kugawana kazi hutegemea ukubwa wa soko. Soko likiwa dogo, hakuna anayeweza kuishi kwa kazi moja. Ndiyo maana mkulima wa milima ya Uskoti alilazimika kuwa mchinjaji, mwokaji mikate na mpika pombe wa nyumba yake. Soko likipanuka, mtu anaweza kushika kipande kidogo cha kazi maisha yake yote na akala vizuri.

Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, soko la mwandishi wa programu wa Kenya lilipanuka ghafla namna hiyo. Mtu wa Kangemi anaweza leo kujulikana kwa jambo moja tu, tuseme kuziharakisha hifadhidata zinazosuasua, na akapata wateja wa kutosha hata kama Waiyaki Way yote ina watatu tu wanaomhitaji. Hapa ndipo hoja ya tawi moja ina nguvu isiyopingika. Anayeajiri akiwa ng'ambo hakujui, hamjui mwalimu wako, hana wa kumuuliza. Ubobezi ndio unaomrahisishia kukuchagua kati ya maelfu.

Malipo pia yanavutia, ingawa yana mawimbi yake. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa inakaribia au kugonga shilingi 160. Nusu ya pili ya mwaka huo ikatulia karibu na 129. Aliyelipwa dola 1,000 kwa mwezi alipoteza takriban shilingi 30,000 za kila mwezi bila kukosea lolote kazini.

Udhaifu mkubwa zaidi, hata hivyo, uko mlangoni. Mnunuzi wa mbali hapendi kumlea mtu. Andela, iliyoanzia Lagos 2014 na kufika Nairobi mwaka uliofuata, ilijengwa juu ya wazo la kuchukua vijana wenye kipaji, kuwafunza kwa gharama zake na kuwauza kwa kampuni za ng'ambo. Septemba 2019 ilitangaza kupunguza chipukizi, tangazo lililowagusa takriban watu 400 katika Nigeria, Uganda na Kenya. Sababu iliyotolewa ilikuwa wazi: wateja waliwataka wazoefu. Kama kampuni yenye mamilioni ya wawekezaji ilishindwa kuwauza wanaoanza, kijana mmoja mwenye laptopu ya mtumba asidhani jina la kifaa kwenye wasifu wake litatosha.

Pia vifaa hufa. iHub, kituo cha watu wa teknolojia, ilipofunguliwa Ngong Road mwaka 2010, ujuzi wenye soko ulikuwa kutengeneza programu za simu za Nokia. Mwezi Februari 2011 Nokia yenyewe ilitangaza kwamba inahamia mfumo wa Microsoft, na elimu ya Symbian, mfumo wa simu zake, ikaanza kuyeyuka mikononi mwa watu. Flash ya Adobe ilizikwa rasmi mwisho wa 2020. Hapa lakini nawatetea wabobezi kidogo. Aliyeijua Symbian kwa kina alijifunza kubana matumizi ya kumbukumbu na kuvumilia mtandao unaokatika, na maarifa hayo aliyabeba hadi kwenye Android. Aliyeijua juujuu ndiye aliyebaki mikono mitupu.

Hoja ya pili: jua kila kitu

Watetezi wa hoja hii ni wale wanaomuuzia mwenye ploti na mwenye shule. Mteja wa namna hiyo ananunua mfumo mzima, na anataka jina moja la kulaumu. Wanaojiita fulstaki, watu wa mbele na nyuma kwa pamoja, si zao la umaskini wa Afrika kama wengine wanavyodhani. Katika tafiti za Stack Overflow zinazohoji waandishi wa programu duniani, kundi hilo limekuwa likiongoza kwa miaka mingi. Upana una faida nyingine isiyosemwa sana. Ndiyo njia ya pekee ya kugundua unachokiweza. Mtu hawezi kujua kama anapenda kazi ya seva kabla seva haijamfia usiku wa manane.

Udhaifu wake ni bei. Mwenye ploti anaulinganisha mfumo wako na daftari la shilingi mia, na kwake daftari halijawahi kuomba nywila. Analipa kidogo, analipa kwa awamu, na awamu ya mwisho hukawia. Baada ya mifumo mitano, muda wa mtengenezaji unaliwa na simu za watu waliosahau nywila au walioishiwa na data. Na kwa kuwa anafanya peke yake, hakuna mzoefu anayeisoma kazi yake na kumwambia wapi amekosea. Anaweza kufanya kosa moja kwa miaka mitano akidhani ndiyo kawaida.

Nionavyo mimi, upana wenyewe hauna dhambi. Tatizo ni kwamba kila kazi inaanza sifuri: mwezi huu tovuti ya kwaya, ujao mfumo wa duka la dawa, unaofuata programu ya mwenye bodaboda. Upana wa vifaa ukichanganyika na upana wa wateja, hakuna kinacholimbikizwa.

Hoja ya tatu: bobea katika tatizo

Hii ndiyo hoja inayosikika kidogo kuliko zote, na ndiyo yenye mengi. Inasema ubobezi usifungwe kwenye kifaa. Ufungwe kwenye eneo la maisha: malipo, mikopo ya sacco, kodi, hospitali, usafiri.

Mfano ni bora kuliko maelezo. Mteja amesimama kwenye kaunta ya duka la jumla. Mfumo wa duka unatuma ombi, simu ya mteja inaibua kisanduku cha kuweka PIN, anaiweka, na ujumbe wa M-Pesa unaingia. Lakini jibu ambalo Safaricom ilipaswa kulifikisha kwenye seva ya duka limepotea, kwa kuwa seva ilikuwa imezimika sekunde hizo. Kwenye skrini ya keshia imeandikwa kwamba hajalipa. Mteja anauonyesha ujumbe wake, keshia anatikisa kichwa, foleni inaanza kuguna. Keshia anatuma ombi tena na mteja, ili amalize aondoke, analipa mara ya pili. Jioni tajiri wa duka anahesabu, na hesabu hazikai.

Aliyejifunza kutumia Daraja, mlango ambao Safaricom iliwafungulia waandishi wa programu mwaka 2017, anajua kutuma lile ombi la kwanza. Ni kazi ya siku moja. Aliyebobea katika malipo anajua kwamba hapo kazi haijaanza. Mfumo usipopata jibu lazima uulize wenyewe hali ya muamala. Lazima utambue ombi lililorudiwa ili usimtoze mtu mara mbili. Na kila usiku lazima ulinganishe orodha yake na taarifa ya M-Pesa mpaka shilingi ya mwisho, kisha utenge zile zisizoelezeka ili binadamu azitazame asubuhi. Hakuna hata moja kati ya hayo inayotegemea kama umeandika kwa PHP, Python au Java.

Sacco ni vivyo hivyo. Mwanachama hukopeshwa kwa kuangalia akiba yake, mara nyingi hadi mara tatu, na wadhamini ambao akiba zao hufungwa mpaka mkopo ushuke. Je, mdhamini mmoja akitaka kujitoa kwenye sacco katikati ya mkopo? Je, akifariki? Mgao wa faida wa mwaka uhesabiwe kwa salio la Desemba au kwa wastani wa miezi? Yako majibu, mengine kwenye katiba ya sacco na mengine kwenye kanuni za SASRA, mamlaka iliyotokana na sheria ya 2008. Mhandisi hodari wa Berlin hayajui, na hakuna kozi ya mtandaoni itakayomfundisha. Vivyo hivyo na eTIMS: tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya mfumo huo wa KRA haikubaliki kwenye hesabu za kodi, ila kwa misamaha michache, na biashara zikaanza kuwatafuta watu wa kuziunganisha. Waliokuwa wakijua hesabu na kodi tayari walianza mbio wakiwa mbele.

Historia ya M-Pesa yenyewe inaiunga mkono hoja hii. Majaribio ya 2005, yaliyofanywa pamoja na Faulu, yalilenga kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo. Watumiaji wakaigeuza wakaanza kutumiana pesa, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya tabia hiyo. Programu ya kwanza iliandikwa Uingereza na kampuni ya Sagentia. Lakini nafasi zilizofuata zilishikwa na waliojua matatizo ya hapa, kama Pesapal iliyoanza 2009 na Africa's Talking iliyoanza 2010, ambazo kazi yao kubwa imekuwa kuwaunganisha wafanyabiashara na mitambo ya kampuni za simu. Na kwa kuwa pesa za simu zimeenea Tanzania, Uganda na Kongo, ujuzi huo unavuka mipaka kuliko inavyodhaniwa.

Isije ikaonekana nimeipamba. Tatizo nalo linaweza kufutwa kwa kalamu. Hospitali zilikuwa na mifumo iliyounganishwa na NHIF, bima ya afya ya serikali, pamoja na watu waliojua kila kona yake. Oktoba 1, 2024 NHIF ikapisha SHA, na sehemu kubwa ya elimu hiyo ikageuka historia. Mfadhili pia anaweza kuondoka. Kenya ni nchi ya heshima katika programu za afya: OpenMRS ilizaliwa 2004 kwa ushirikiano na mradi wa Eldoret, na 2011 nchi iliieneza DHIS2 kitaifa kwa takwimu za afya. Hata hivyo, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, miradi mingi iliyoitegemea ilitikisika, na waliobobea humo walijikuta wakiwa na ujuzi wa thamani usio na mlipaji. Kwa hiyo anayechagua tatizo la kulibobea aangalie pia mfuko unaolipia: ni wa watumiaji wenyewe, wa serikali, au wa mgeni?

Kuna ugumu mwingine. Tatizo halijifunziki chumbani. Lazima uwe ndani ya sacco, ndani ya duka, mahali hesabu zinapokataa kukaa. Ushauri huu unaweza basi kumkejeli asiye na pa kuingilia.

Akili unde imebadilisha nini

Imebadilisha bei za vitu kuliko ilivyobadilisha hoja. Vifaa kama Copilot, vilivyoanza kujaribiwa 2021, huandika vizuri kile kilichokwisha kuandikwa mara elfu: fomu, majedwali, kurasa za kuingilia. Kwa bahati mbaya hayo ndiyo yaliyomo kwenye kozi fupi, na ndiyo yaliyokuwa kazi ya kwanza ya chipukizi. Ngazi imekatwa kipago cha chini.

Kwa anayejua kila kitu, akili unde ni msaidizi wa bei nafuu anayemzibia mapengo. Kwa aliyeegemea lugha moja ya kompyuta bila kina, ni mshindani. Kwa aliyebobea katika tatizo inategemea: mashine inaijua Daraja kwa maandishi, haijui kwamba mweka hazina wa sacco fulani hurekodi malipo ya pesa taslimu siku mbili baadaye. Wala haibebi lawama. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamdai mwenye kumiliki taarifa za watu, na haitamuuliza kama zilivuja kwa sababu ya mstari ulioandikwa na mtu au na mashine.

Kupima

Hoja zikiwekwa pamoja, tofauti zao zinapungua ukiuliza kwanza nani atanunua. Anayelenga dunia hana budi kuwa na kina katika kifaa kimoja, na ajue kwamba mlango huo hufunguka baada ya miaka ya uzoefu uliopatikana kwingine. Anayelenga Nairobi atalazimika kuwa mpana wa vifaa, apende asipende, kwa kuwa soko ni dogo. Alicho na uhuru wa kukipunguza ni upana wa wateja. Mtu aliyetengeneza mifumo minne, yote ya shule, yuko mbali na aliyetengeneza ya kwaya, bodaboda, dawa na kodi ya nyumba, hata kama wanajua lugha zile zile. Wa kwanza anaweza kumwambia mwalimu mkuu wa shule ya tano ni nini kitamsumbua Januari kabla hajaulizwa, na hapo ndipo bei inapopanda.

Fani kama usalama wa mitandao na sayansi ya data nitaziweka kando kidogo. Mashambulizi yaliyoyumbisha eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, Julai 2023 yalionyesha kwamba nchi inawahitaji watu wa usalama. Lakini wanaokabidhiwa kazi hiyo kwa kawaida ni wale waliokwisha kuendesha seva na kuziona zikianguka. Ni ghorofa ya pili. Kozi zinazoziuza kama mlango wa kuingilia zinawaharakisha watu.

Hapa hesabu yote inarudi kwenye kazi ya kwanza. Ubobezi wa aina yoyote hugunduliwa kazini, na anayeweza kumpa chipukizi kazi hiyo anaogopa gharama ya kumlea. Andela iliibeba kwa miaka mitano ikaitua. Ajira Digital, mpango wa serikali ulioanza 2016, umejikita zaidi katika kuwafunza vijana kutafuta vibarua vya mtandaoni, jambo tofauti na uanagenzi.

Njia ambayo nadhani inadharauliwa ni taasisi za kati zisizo za teknolojia: ofisi ya kompyuta ya sacco, hospitali ya misheni, kiwanda cha Industrial Area, kundi la shule. Mshahara wake ni wa kawaida. Mfumo utakaoukuta huenda ni mkongwe, na hakuna cha kuringia mtandaoni. Kuna, hata hivyo, data halisi, watu wanaokasirika kwa sababu halisi, na hesabu zinazopaswa kukaa kila mwisho wa mwezi. Miaka mitatu humo inampa mtu tatizo la kulibobea ambalo hangelipata kwa kozi yoyote.

Kasoro yake si ndogo: katika ofisi ya watu wawili hakuna mzoefu wa kuikagua kazi yako, na bila kukaguliwa kina hakiji. Programu huria zinaziba sehemu ya pengo hilo. OpenMRS, kwa mfano, hupokea michango ya yeyote, na kila mstari unasomwa na watu wenye uzoefu kabla haujakubaliwa. Wanaweza kuukataa mara tatu wakikueleza kwa nini. Hawaulizi cheti wala mtaa unakotoka. Hawalipi pia, na ndiyo sababu njia hii inamfaa zaidi mwenye mshahara mdogo wa uhakika kuliko asiye na wowote.